Mwaka wa Kulinda Ufa

Tulimzika Kobelo Ijumaa iliyopita. Nilitoka Morogoro mjini Alhamisi kwa lori la mboga lililokuwa likirudi Mgeta tupu, kisha nikapanda kwa miguu mpaka Kitundwe, nikipumzika kila penye jiwe, kwa sababu magoti yangu hayanitii tena. Baada ya mazishi nilikaa jikoni na wanawake waliokuwa wakimenya magimbi ya matanga. Tausi, binti wa marehemu, ambaye naye sasa ni bibi wa wajukuu, akaja akaketi karibu nami mkekani. Akasema, “Mama, waliokuwepo mwaka ule wamekwisha wote, umebaki wewe. Baba hakupata kuniambia. Mama yangu alikwama wapi siku ile?” Nikamjibu kwamba sijui. Alinitazama kidogo, akaitikia kwa heshima kama inavyompasa, akashika kisu chake akaendelea kumenya. Sikumwambia kweli. Najua, na nimejua kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilinyamaza kwa ajili ya Kobelo, au ndivyo nilivyojiambia, lakini sasa Kobelo hayupo, na mimi nimerudi kwenye chumba changu mjini, na kila nikilala nayaona yale yale. Kwa hiyo nayaandika, kwa herufi nilizojifunza ukubwani, na atakayeyasoma atanihukumu anavyoona.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa wakati wa Mjerumani, reli ikiwa njiani kutoka Dar es Salaam lakini haijafika Morogoro. Sisi wa milimani tuliijua kwa sababu tu wanaume wetu walikuwa wakichukuliwa kwenda kubeba mawe na mataruma yake. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, nimerudishwa kutoka kwa mume bila mtoto, na kuhusu watu wangu sitasema zaidi ya hapo. Masika iliyotangulia mlima ulikuwa umeporomoka upande wa pili wa kilele, ukafunika kitongoji kizima asubuhi, watu wakiwa wanakunywa uji. Kobelo alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuchimbua. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, mrefu, mpole wa maneno. Alirudi baada ya siku nne, hana kucha mbili za mkono wa kulia, na kwa wiki nzima hakuzungumza na mtu. Alipoanza kuzungumza, alikuwa na neno moja tu. Alisema wale watu waliuona ufa juu ya mashamba yao siku nyingi kabla. Waliuona, wakawa wanauruka kwenda kulima.

Kisha kiangazi kilipokuwa kinaisha akapata ufa kama huo juu ya kijiji chetu. Aliwaita watu uani kwa jumbe. Nakumbuka ule ua ulivyokuwa, umefagiwa, una kinyesi cha kuku pembeni, na jumbe amekaa kwenye kiti cha kukunja alichopewa na akida wa serikali, akichokonoa meno. Kobelo alisema, “Siombi ukuta. Mlima hauzuiliwi. Naomba mtu mmoja wa kuutazama mvua zikianza, na sisi wengine tujue tutakimbilia wapi.” Jumbe akamwuliza mtu huyo atatoka wapi, maana wanaume wako relini na waliobaki wako kwenye barabara ya boma. Tena kazi haina ujira, nani ataitaka? Mimi nikasema, “Nitakaa mimi.” Wote waligeuka. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, “Huyu afadhali, hana jiko wala mtoto.” Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayechagua chungu rafuni, akachukua kilicho kitupu. Nimesikia maneno mengi makali katika maisha yangu, lakini hilo ndilo lililonipandisha mlimani, na mpaka leo sijui kama nilikwenda kuwaokoa watu wale au kuwaonyesha kwamba chungu kitupu nacho kina kazi.

Kabla ya mvua tulifanya maandalizi, na hizo ndizo siku za raha za mwaka ule. Tulikuwa watatu: Kobelo, mkewe Chausiku, na mimi. Tulipita nyumba kwa nyumba. Chausiku alikuwa mnene kidogo, mcheshi, na Tausi, mtoto wa miaka minne, alikuwa mgongoni mwake muda wote kama alizaliwa na mbeleko. Kobelo alikuwa akiuliza kila nyumba maswali yale yale: pembe ikilia, nani atambeba bibi? Nani atashika watoto? Nani atafungua mbuzi? Akijibiwa “tutaona siku hiyo,” haondoki. Anakaa kwenye kigoda mpaka ajibiwe jina. Nyumba yake mwenyewe aliipanga hivi: yeye atambeba jirani yao, mzee aliyepooza miguu, Tausi atachukuliwa na wanawake wa nyumba ya juu, iliyo karibu na njia, na Chausiku atafuata nyuma kuhakikisha hakuna jirani aliyesahauliwa. Tulifyeka njia ya kwenda mgongo wa mwamba, mahali ambapo wazee walisema hapajawahi kuanguka, tukajenga ghala dogo huko, na kila nyumba ikaleta kibuyu cha mahindi au maharage ya kuweka akiba. Siku moja tulifanya jaribio. Nilipuliza pembe ya tandala, na kijiji kizima kikapanda mwambani kwa vicheko, wengine wamebeba vikongwe mbio kama harusi. Juu pale Chausiku alinishika mkono akasema, “Dada, umetuchosha vizuri.” Tulikula magimbi ya kuchemsha na chumvi, wote pamoja. Sikuwa nimekula na watu wengi namna ile tangu niliporudishwa.

Kisha mvua zikaanza, nikapanda. Ufa ulikuwa juu ya mashamba yote, mrefu kama ua wa nyumba tatu, na mahali pengine mkono uliingia mpaka kwenye kwapa. Kobelo alikuwa amepigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, na kukata utete uliotoshea katikati yake barabara. Kazi yangu ilikuwa kuulaza utete huo kati ya vigingi asubuhi, mchana na alasiri. Ukitosha, nakaa. Usipofika, napuliza. Basi. Usiku nililala chini kidogo, kwa Bi Sikudhani, mfinyanzi mzee aliyekaa peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji, upande wa mwamba. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja, moshi hautoki, na vyungu vibichi vimepangwa ukutani vikingoja jua ambalo halikuja. Alisema maneno machache sana. Asubuhi alinipa kiporo cha ndizi na maharage bila kunitazama, nami nikasema “Shikamoo, bibi,” naye akasema “Marahaba, kapime.” Nilikuja kumpenda kwa hayo. Lakini katika mwezi wa pili wa mvua bintiye aliyeolewa Kinole alikaribia kujifungua, na Bi Sikudhani akafunga kanga yake kichwani, akachukua fimbo, akaniachia nyumba.

Nataka nieleze vizuri siku nane nilizobaki peke yangu, kwa sababu ndani yake ndimo kosa langu lilimo. Ukungu ulishuka, haukupanda. Sikuona kijiji. Nilisikia tu: jogoo, mtwangio, mtoto anayelia akabembelezwa, na mara nyingine mtu akimwita mtu kwa jina na yule akiitika. Chausiku ndiye aliyekuwa akinipandishia chakula kila baada ya siku mbili, lakini Tausi aliposhikwa na homa mama yake hakuweza kuja, akanitumia habari na kapu la mihogo kwa mtu aliyekuwa anapita shambani, na mtu huyo akanipazia habari kutoka njiani chini, akaliacha kapu pale bila kupanda. Nilikula mihogo. Niliongea na vyungu. Siku ya tano nilishuka mpaka kijitoni kwa makusudi, maji nikiwa nayo, ili niwasikie wanawake, na niliposimama nyuma ya migomba nikamsikia mmoja akisema, “Yule wa juu bado yuko?” Mwingine akajibu, “Nani?” Wakacheka, si kwa jambo langu, kwa jambo jingine kabisa. Nikarudi juu bila kuwasalimu. Mtu akizoea kukaa peke yake kwa kutaka, ni kitu kimoja. Mtu akikaa peke yake kwa ajili ya watu, na watu wamesahau kwamba yupo, moyo wake hufanya hesabu nyingine.

Siku ya nane mvua ilinyesha kwa nguvu toka alfajiri. Niliulaza utete. Ulitosha. Mchana niliulaza tena, ukatosha vile vile, ncha na ncha. Nikasimama pale nimelowa, nikasikia jogoo chini kwenye ukungu, nikaichukua pembe nikaipuliza. Nilijua ninachofanya. Siwezi kusema mkono ulinitangulia. Nilitaka nyuso. Nilitaka waje mbio namna ile, wanishike mkono, waseme umetuchosha. Na kweli walikimbia. Nilizisikia sauti zao zikipanda kuelekea mwambani, majina yakiitwa, mbuzi wakilia, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha.

Kobelo hakwenda mwambani moja kwa moja. Alimfikisha jirani yake mahali pa salama, kisha akanijia mimi, anahema, matope mpaka magotini. Aliuokota utete, akapiga magoti, akaulaza kati ya vigingi. Ulitosha. Aliuacha pale muda, kama anaungoja ubadili nia. Kisha akanitazama. Nikasema, “Mvua ilikuwa kubwa, kaka.” Akasema, “Ni kubwa.” Akasimama akashuka.

Laiti yangeishia hapo. Lakini siku hiyo hiyo akida alikuwa njiani, anakuja na askari wawili kuchukua watu wa kubeba mizigo ya reli. Aliingia Kitundwe akakuta moto unawaka mafigani na hakuna mtu hata mmoja. Alidhani wamekimbia kazi ya serikali. Watu walipoteremka walimkuta amekaa kwenye kiti cha jumbe, na jumbe amepiga magoti matopeni. Mimi sikuwepo, niliyapata kwa waliokuwepo. Akida aliuliza ni nani aliyewapandisha watu mlimani. Hakuna aliyenitaja, maana Kobelo alitangulia kusema, “Ni mimi, bwana. Ufa umepanuka vidole viwili. Nimeupima kwa mkono wangu.” Akida akasema hajui habari za nyufa. Walimlaza Kobelo kifudifudi uani kwa jumbe, mbele ya watu wote, wakamchapa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kiboko nilikisikia kutoka juu. Nilidhani ni mtu anapasua kuni.

Baada ya hapo niliwaona watu wakibadilika. Walisema Kobelo ameumizwa kwa ajili yao, na hilo liliwafanya wamsikilize kuliko zamani. “Vidole viwili,” waliambiana, na wakawa wanalala na mizigo yao midogo karibu na mlango. Mimi walikuwa na neno jingine juu yangu. Bi Sikudhani, aliporudi kutoka Kinole na habari za mjukuu wa kiume, aliniambia bila kupunguza: “Wanasema anayekaa kungojea msiba ndiye anayeuita. Mimi sisemi. Nakuambia tu ujue.” Na Chausiku hakunipandishia chakula tena. Nilimkuta kijitoni mara moja. Nikasema, “Dada, hali ya kaka?” Akajaza mtungi wake, akauweka kichwani, akapita. Nilifikiri ni hasira ya mke ambaye mumewe amepigwa, na niliona ana haki. Niliendelea kupima. Asubuhi, mchana, alasiri. Nilipima kwa uaminifu wa mwizi aliyetubu.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, baada ya mvua ya siku mbili isiyokatika, niliulaza utete, ukaangukia ndani ya ufa.

Niliutoa nikaulaza tena. Ulipungukiwa na vidole vinne. Nikautazama mti wa mshai uliokuwa chini ya ufa, nikaona umeinama kuelekea bondeni, na jana haukuwa hivyo. Kijito, ambacho kwa mvua ile kingepaswa kunguruma, kilikuwa kimya, maji yake machache na mekundu kama ya mfinyanzi. Pembe ilikuwa mkononi. Na nilisita. Niliufikiria mgongo wa Kobelo, ambao bado haujapona. Nilimfikiria akida, na nani angelazwa safari hii. Niliufikiria uso wa Chausiku kijitoni. Nilipima mara ya tatu, na kupima kule hakukuwa kupima, kulikuwa kuomba. Udongo ulitoa sauti chini ya miguu yangu, sauti ndogo, kama mtu mzima anayeinuka kitini. Ndipo nikapuliza, nikapuliza nikikimbia kwa njia ya pembeni kuelekea mwambani, mpaka midomo ikachanika.

Walikuja. Hilo lazima niliseme kwanza. Nyumba kwa nyumba walikuja, kama Kobelo alivyowafundisha, kila mtu na aliyepangiwa kumbeba. Hakukuwa na kicheko safari hii wala kelele nyingi. Bi Sikudhani alipanda na fimbo yake, hakubeba hata chungu kimoja. Kobelo alikuja na yule mzee aliyepooza mgongoni, na shati lake lilikuwa limegandamana na vidonda vilivyofunguka upya. Akamweka mzee chini, akaanza kuita majina ya nyumba, na kila nyumba ikaitika. Tausi alikuwa na wanawake wa nyumba ya juu, ananyonya kidole. Alipomaliza nyumba zote, Kobelo aliita, “Chausiku.” Akaita tena. Mwanamke mmoja akasema, “Nilimpita mlangoni kwake anapepeta mahindi. Nilimwambia twende. Akaniambia nitangulie tu, hakuna kitu.”

Kobelo alianza kushuka. Wanaume wawili walimkamata, akawaburura wote wawili hatua chache, mpaka wa tatu akamlalia miguuni. Tuliona mstari wa mashamba ya juu ukikunjika kama mkeka unaovutwa. Migomba ilisafiri imesimama, wima kabisa, kisha ikalala yote kwa pamoja. Kelele ilikuja baadaye, na ilipokuja hatukusikiana tena. Nusu ya kijiji, upande wa kijito, ilifunikwa. Nyumba ya Kobelo ilikuwa upande huo, na kwa jumbe pia. Nusu nyingine ilibaki, na moshi wa mafiga bado unatoka juu ya mapaa, kana kwamba wenyewe wamekwenda shambani. Wote waliokuwa mwambani walikuwa hai. Tulimkosa mtu mmoja.

Tulimpata siku ya tatu. Tulikula akiba ya ghala siku zote zile na wiki zilizofuata, na watu waliniletea sehemu yangu kwa mikono miwili. Jumbe mwenyewe alisimama kwa heshima nilipopita. Wanawake waliokuwa wakisema naita msiba walianza kuniita mama, mimi nisiye na mtoto. Nilikaa katikati yao kila jioni, bega kwa bega, na sijapata kuwa peke yangu maishani kama nilivyokuwa katika siku zile. Akida alikuja, akatazama udongo mwekundu kwa muda mrefu, akaondoka bila kuchukua mtu.

Arobaini ya Chausiku ilipopita, Kobelo alinijia nilipokuwa nikipalilia bustani ya Bi Sikudhani. Aliketi kwenye ukingo wa shamba, jembe magotini. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Nikapiga magoti, nikasema, “Kaka, siku ile ya kwanza vigingi havikusogea. Unajua. Nilipuliza kwa upweke. Kama nisingepuliza, usingepigwa, na yeye asingenichukia, na siku ya pili angekuja.”

“Hakukuchukia,” alisema.

“Basi kwa nini hakuja?”

Alikwangua matope kwenye jembe kwa kidole kisicho na kucha. “Nilimdanganya akida,” alisema. “Nikawadanganya jumbe na kijiji kizima. Vidole viwili. Niliona kwamba nikisema kweli, siku itakapofika hawatakimbia. Wote waliniamini, na wote wako hai.” Akapumua. “Jioni ile Chausiku alikuwa ananiosha mgongo. Alikuwa analia. Akaniuliza, angalau ni kweli ulipanuka? Mwanahawa, sikuwa nimezoea kumdanganya mke wangu. Nikamwambia haukupanuka. Nikamwambia yule mtoto wa watu alikuwa mpweke tu, tusimseme.”

Nikayakumbuka maneno ambayo Chausiku alimwambia jirani mlangoni: hakuna kitu. Ndege walikuwa wakilia kwenye migomba, jua limetoka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Bi Sikudhani alikuwa ametoa vyungu vyake nje na kuvipanga. Kobelo aliinuka. Akaniambia kwamba kuna watu wa bonde la jirani wamekuja kuuliza jinsi ya kutazama mlima, wana ufa juu ya mashamba yao, na wanaogopa mvua za vuli.

“Wanataka mtu wa kwenda kukaa nao,” alisema. “Nimewaambia mmoja hatoshi. Nimewaambia ni lazima wakae wawili wawili, wapokezane, na mtu asiachwe juu peke yake hata siku moja.”

Kisha akaniuliza kama nitakwenda kuwafundisha. Nikasema nitakwenda. Kesho yake asubuhi nilikwenda.